Protini ya Kifutu na Jina la Kwanza

Sogeeni, niwatwike mzigo ulionishinda mwenyewe. Mwenye hasira za karibu akae mlangoni.

Palikuwa na maabara moja, na ndani yake watu watatu, wote wa mikataba mifupi. Dokta Tunu Mkwizu alijua kuchora kwa kompyuta umbo la protini ambayo jicho haliioni. Dokta Kihiyo alijua kuigandisha protini hiyohiyo iwe fuwele, ipigwe mionzi, umbo lithibitike. Bi Semeni, fundi wa maabara, alijua kila chupa ilipo na imepungua kiasi gani. Walikuwa wakitafuta umbo la protini ya sumu ya nyoka aitwaye kifutu, ili ipatikane dawa ya kuizuia.

Tunu alikokotoa miaka sita. Watu walimcheka eti anacheza gemu, naye akameza. Umbo lilipotoka, lilikuwa la ovyo.

Kihiyo alihangaika na fuwele mwaka mzima. Kila siku aliambulia uji badala ya fuwele.

Bi Semeni alifungua kabati, akauliza, "Dokta Kihiyo, dawa ya kukatia mkia mbona lakiri yake haijavunjwa?"

Basi jueni: protini hubandikwa kimkia ili inaswe kirahisi, kisha kimkia hukatwa. Kihiyo alisahau kukata, na Tunu akakikokotoa kama sehemu ya protini. Kilipokatwa, fuwele zikakubali kuganda. Tunu akakokotoa upya, na maumbo mawili yakalingana.

Mkurugenzi akatangaza kwamba ajira ya kudumu ni moja tu, ya yule ambaye jina lake litatangulia kwenye makala ya ugunduzi huo. Tunu, ambaye mkataba wake unaisha Ijumaa, akaandika lake la kwanza.

"Bila fuwele zangu, mchoro wako ni ndoto!" Kihiyo akafoka.

"Wewe uliyetupotezea mwaka?" Tunu akamrudishia. "Nimechekwa miaka sita!"

Bi Semeni aliisoma karatasi mpaka chini. "Na mimi nimo wapi?"

"Kwenye shukrani, Bi Semeni," Tunu akamwambia.

"Miaka kumi na minne nafanya kibarua, leo naambiwa asante? Asante ndiyo ajira?"

 Hasira haikumtoka Tunu, hakujua tu amwelekezee nani.

Karatasi hiyo ya majina inatakiwa kwa mkurugenzi leo saa sita. Msiniambie wagawane, ajira ni moja. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemtanguliza nani, na wale wawili ungewatazama kwa macho gani?