Hata Kamanda Huulizwa Langoni

"Hata kamanda huulizwa langoni." Mmecheka, wajukuu zangu, mlipomsikia mlinzi wa shule akimwambia hivyo mwalimu mkuu. Msicheke. Methali hiyo ilianzia kwenye maji mnayokunywa.

Enzi hizo mji wetu wa Mkongeni ulikuwa umeunganisha kila kitu kwa mtandao: taa za barabarani, kamera, hata pampu za maji. Wahalifu walipoanza kuzichezea taa wakiwa mbali, akaletwa Kapteni Mbaruku kutoka jeshini. Alikuta mitambo ikiaminiana ovyo: ukiingia mmoja, umeingia yote. Akaitenga kama vikosi, kila kikosi na lango lake, kisha akaweka sharti la kambini: anayetaka kufunguliwa, hata awe mkubwa gani, aulizwe kwanza neno la siri la siku hiyo.

Sikudhani, binti wa zamu katika kituo cha maji, alikuwa mpole mno. Asubuhi moja alikuwa akipuliza chai yake huku akisoma vipimo, kama kila siku, simu ikalia.

"Binti, Chilongani hapa. Nifungulie lango la pampu ya dawa ya maji, niirekebishe nikiwa nyumbani."

Sauti ilikuwa ya mkuu wake wa kazi, mtu wa umri wa baba yake. Amuulize neno la siri, kama mwizi? "Shikamoo, mzee," akasema tu, akafungua.

Chai haikuisha. Kipimo cha dawa kikaanza kupanda: mbili, nne, tisa. Dawa ile ikiwa kidogo husafisha maji. Ikizidi, huunguza matumbo. Na saa ile watoto walikuwa wakijaza chupa zao za shule.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee Chilongani na mfuko wa maandazi. "Mbona umepauka, binti? Umeona jini?"

Sikudhani alimtazama, akaitazama simu. Akairukia koki kuu iliyokuwa ukutani, akaizungusha kwa mikono miwili hadi mabomba yakanyamaza. Maji yale yalikuwa bado hayajafika mjini.

Simu ikalia tena.

"Binti, mbona umefunga? Fungua upesi!" Sauti ileile, na mwenye sauti amesimama mbele yake, mdomo wazi.

Safari hii Sikudhani aliuliza: "Shikamoo, mzee. Neno la siri la leo ni lipi?"

Simu ikakatwa. Kumbe wahalifu walikuwa wameiiga sauti ya mzee kwa kompyuta.

Mzee Chilongani akaweka maandazi mezani polepole. "Kuanzia leo, hata mimi uniulize," akasema. "Hata kamanda huulizwa langoni."