Bekari Isiyo na Sauti

Wapo watu wanaodhani kwamba pasipo na kelele pana amani. Waliotutangulia waliona mbali zaidi. Walijua kuwa anayelalamika bado ana tumaini, na kwamba wa kuogopwa ni yule aliyefunga kinywa akainamisha kichwa. Ndiyo maana wakatuonya kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Muthoni wa Gatina, mtaani Kawangware, aliisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini maana yake aliijua utu uzimani, tena kwa machozi.

Muthoni alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Kimotho, alimwachia binti mmoja, Shiru, pamoja na bekari iliyouzia mikate na skonzi vioski vingi vya Kawangware. Kimotho alipokuwa hai, wafanyakazi walikuwa kwake kama watu wa nyumbani. Alikaa nao juu ya magunia ya unga wakinywa uji, akiwatania na kuwasikiliza. Aliyefiwa alichangiwa. Aliyeuguliwa na mtoto aliambiwa akamshughulikie kwanza, mkate ungengoja. Wengi wao waliishi Gatwekera, kule Kibera, na walikuja kwa miguu alfajiri, matope yakiwafika vifundoni. Hata hivyo, walifika wakicheka.

Kimotho alipozikwa, hofu ilimvaa mkewe kama koti. Muthoni aliamini kuwa mjane akionekana mpole hupandwa kichwani. Kila kicheko alichokisikia nyuma ya tanuri alidhani anachekwa yeye, na kila ombi aliliona kuwa mtego. Akaondoa uji. Akapiga marufuku mazungumzo. Kila aliyemjia na neno alijibiwa vivyo hivyo: "Mimi nimeajiri mikono. Mdomo wako uache nyumbani."

Aliyethubutu kusema alikuwa Obiero, mkandaji wa unga tangu enzi za Kimotho. Asubuhi moja alimsimamisha Muthoni mbele ya wenzake.

"Mama Shiru, hii mashine ya kukanda swichi yake imeisha. Unaizima, inakaa kidogo, halafu inajiwasha yenyewe. Jana karibu inishike mkono. Tusimamishe kazi uite fundi wa stima."

"Tusimamishe kazi? Na mikate ya leo nani ataioka, marehemu?"

"Mikate itangoja, mama. Mkono ukikatika hauoti tena."

Wenzake wakaguna kumuunga mkono. Mguno ule ulimchoma Muthoni kama kaa la moto, kwani mbele ya macho yake aliona maasi, hakuona mashine. Akamfuta Obiero kazi papo hapo. "Nenda. Na mwingine mwenye hotuba amfuate!" Obiero alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani na kutoka bila kuaga.

"Umeona?" Marvin, kijana wa tanuri, alimnong'oneza jirani yake. "Hapa ukiongea unafutwa."

Toka siku hiyo bekari iliingia baridi. Wafanyakazi walijitafutia njia yao ya kuishi na ile mashine: kabla ya kutia mkono ndani, walichomoa plagi ukutani. Nereah, mama wa makamo aliyepanga skonzi kwenye sinia, ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya jambo hilo kwa ishara ya macho. Mwenye bekari hakuambiwa. Hata Marvin alipofanya kazi akitetemeka kwa homa mpaka akaanguka karibu na tanuri, wenzake walimwinua kimyakimya na kurudi kazini. Muthoni alidhani kijana alikuwa amelewa.

"Siku hizi bekari yangu imetulia kama maji ya mtungini," aliwaambia akina mama wenzake kanisani, na moyo wake ukajaa fahari.

Shiru alipomaliza masomo ya chuo, mama yake alimleta bekarini ajifunze kusimamia. Lakini binti huyo hakupenda kusimama mlangoni na kuamrisha. Alikuwa na moyo wa baba yake. Alijifunga leso, akashika ufagio, akabeba masinia. Wafanyakazi walimpenda, ila walimpenda kwa mbali, jinsi mtu anavyoupenda moto, akiuota bila kuusogelea sana.

Siku ya ajali, Muthoni aliamka na hasira zake. Alimkuta Nereah akimwambia Shiru jambo, akamfokea hata kabla ya kujua ni jambo gani. "Nereah! Nikisikia sauti yako tena leo, utamfuata Obiero!" Kisha akaenda zake mbele, dukani, kuwahudumia wateja.

Hakukaa sana. Alisikia mashine ikinguruma, na juu ya ngurumo hiyo ukapaa ukelele ambao hakuutambua kuwa ni wa mwanawe. Alikimbia. Alipofika, Marvin alikuwa ameshachomoa plagi, na Nereah amepiga magoti sakafuni, akimfunga Shiru mkono kwa aproni yake. Unga mweupe ulikuwa umegeuka mwekundu.

Walimkimbiza hospitalini kwa pikapu ya mikate. Madaktari walifanya walichoweza, lakini mkono wa kulia wa Shiru uliondolewa juu ya kiwiko.

Muthoni na Nereah walikaa kwenye benchi moja nje ya chumba cha upasuaji. Damu ilikuwa imeganda kwenye gauni la Nereah.

"Shiru alikuwa ameizima mashine," Muthoni alisema. "Sasa iliwakaje?"

"Inajiwasha, Mama Shiru. Obiero alikwambia. Sisi wote huchomoa plagi kwanza."

"Ulimwona akiinama kuisafisha?"

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza?"

Nereah aliitazama mikono yake. "Asubuhi nilikuwa nimeanza kumwambia, ukanikatiza. Alipoinama nilifungua mdomo. Nikakumbuka maneno yako. Watoto wangu wanakula kwa sababu huu mdomo umefungwa. Nilipojua ninachofanya, mashine ilikuwa imeshawaka."

Muthoni aliinua mkono ampige. Mkono ukabaki hewani, kisha ukaangukia usoni pake mwenyewe, na akalia mpaka wauguzi wakaja.

Baada ya wiki kadhaa alikwenda Gatwekera, akiulizia njia katikati ya nyumba za udongo na mabati. Alimkuta Obiero ametoka kwenye kibarua cha mjengo, saruji ikiwa bado nyweleni. Obiero alimpa kigoda, akampa pole ya mtoto, wala hakumsimanga.

"Rudi kazini," Muthoni alimsihi. "Nilikosa. Fundi ameshaitengeneza mashine. Utasema chochote unachotaka."

"Nimekusamehe, Mama Shiru, lakini sirudi. Nikirudi, nitakuwa naangalia uso wako kwanza kabla ya kuangalia mashine. Mtu hawezi kufanya kazi hivyo."

Muthoni alirejea Gatina peke yake. Nyumbani, Shiru alikuwa kitandani akijaribu kufunga vifungo vya blauzi kwa mkono wa kushoto. Hakumlaumu mama yake, wala hakumsemesha. Muthoni alitamani atukanwe, lakini tusi halikuja.

Kesho yake aliwakusanya wafanyakazi. "Kuanzia leo, semeni. Kilichoharibika, kinachowaumiza, chochote. Sitamfuta mtu. Naapa kwa kaburi la Kimotho."

Macho yote yalitazama sakafu. Marvin alijipangusa unga vidoleni, akageukia tanuri. Hatimaye Nereah akajibu kwa niaba ya wote, kwa adabu, bila kuinua uso.

"Hakuna neno, Mama Shiru. Kila kitu kiko sawa."

Kila mtu akarudi mahali pake, kazi ikaendelea bila kikohozi. Muthoni alibaki amesimama katikati ya bekari, mwili ukimsisimka, kwa maana sasa alijua yaliyomo ndani ya utulivu kama huo. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.