Nyamvula na Mtoto wa Tohe

Paukwa!

"Pakawa!"

Haya sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, bibi zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji kando ya bonde la nyasi ndefu. Humo aliishi mwanamke jina lake Nyamvula. Alikuwa na huruma huyo! Akiona kiumbe kinateseka, hali, halali.

Siku moja alikuwa bondeni akikata nyasi za kuezekea. Kata, kata, kata. Mara akamkuta mtoto wa tohe, yule swala wa nyasi ndefu. Kajikunyata chini, kimya, hatikisiki. Mama hayupo.

"Masikini! Katupwa huyu!"

Akambeba hadi nyumbani. Kijiji kizima kikamwimbia, "Nyamvula, mama wa yatima!" Naye, tusifichane, sifa zilimwingia. Akampa mtoto maziwa ya mbuzi. Mtoto akanywa kidogo, akaharisha, akakonda. Na kila jioni bondeni ukasikika mluzi: fyuuu! Fyuuu! Watu wakasema, ni tohe tu hao.

Siku ya tatu akarudi safarini Mzee Ngowa, aliyekuwa mwindaji hapo awali. Nyamvula akamkimbilia.

"Shikamoo, babu. Njoo umwone yatima wangu."

"Marahaba. Ulimkuta wapi?"

"Nyasini. Mama yake kamtupa."

Mzee akamtazama mtoto.

"Tohe humlaza mwanawe nyasini, naye akaenda kula mbali, ili chui asimfuate hadi kwa mtoto. Kisha hurudi kumnyonyesha. Huo mluzi wa jioni ni wa mama yake. Hakutupwa huyu, mjukuu wangu. Alifichwa."

Uso wa Nyamvula ukawaka moto. Siku tatu! Siku tatu yeye anaimbiwa, na mama wa watu anahangaika bondeni.

"Babu, usiwaambie watu."

"Sitawaambia. Ujanani nilimbeba mmoja mimi. Wangu alinifia mikononi."

Wakamrudisha. Lakini pale alipofichwa palikuwa peupe. Nyamvula alishapafyeka kwa mkono wake. Wakamlaza pembeni, penye nyasi zilizobaki, wakajitenga mbali, upepo ukiwajia usoni.

Jua likainama. Fyuuu! Tohe akaja. Hatua, akasimama. Hatua, akasimama. Akanusa harufu ya mtu kwa mwanawe. Tapu! Akapiga kwato, akaruka nyuma. Nyamvula akajiziba mdomo kwa kanga. Tohe akarudi tena, taratibu, akamlamba mwanawe. Mtoto akanyonya. Tohe alipoinua kichwa, Nyamvula alishindwa kumtazama.

Asubuhi kisimani wanawake wakamuuliza, "Yatima wako yuko wapi?"

Mzee Ngowa alikuwapo, akatazama pembeni. Nyamvula akatua mtungi.

"Hakuwa yatima. Nilimwiba kwa mama yake."

Akateka maji, akajitwisha, akaondoka macho yakiwa chini.

Basi, wanangu, ukimkuta mtoto wa mnyama amelala peke yake, usifanye haraka kumhurumia. Rudi nyuma, ungoje mbali, uulize wanaojua.

Hadithi yangu imekomea hapo.