Daraja la Mheshimiwa Mang'enya

Mbunge Mang'enya alipofika kijijini Mlalazi, watu walimlilia daraja. Magogo waliyovukia yalikuwa yameoza, na masika yaliyopita mto nusura umchukue mama mjamzito.

Mbunge akanuna. "Kila nikija mnaomba tu! Wenzenu wameita shule na zahanati kwa jina langu. Ninyi mmenipa nini?"

Siwema, fundi cherehani mwenye maneno matamu, akasimama. "Mheshimiwa, tumekosa. Njoo Jumamosi tukupe heshima yako. Kuna kitu hapa ambacho kijiji kizima kinakitegemea. Tutakiita kwa jina lako."

"Kijiji kizima?"

"Hata watoto wa shule hawawezi kuishi bila hicho."

Uso wa mbunge ukachangamka. "Basi nitakuja na waandishi wa habari."

"Waje wengi, baba. Na wa televisheni pia."

Jumamosi ngoma zilirindima. Mbunge akaongozwa hadi kwenye kibao kilichofunikwa kanga, akaivuta huku akizitabasamia kamera. Kibao kiliandikwa: DARAJA LA MHESHIMIWA MANG'ENYA. Nyuma yake, watoto wa shule walikuwa wakitambaa juu ya magogo yaliyooza, viatu wamevining'iniza shingoni.

"Ng'oa kibao hiki!" mbunge alimnong'oneza Siwema.

"Tutaking'oa, Mheshimiwa," Siwema alijibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Wewe waeleze tu hawa waandishi kwa nini hulitaki daraja lako."

Kamera zote zikamgeukia. Mbunge akajifuta jasho, akakohoa.

"Ndugu wananchi," akasema, "mafundi wanaanza kazi Jumatatu."