Salamu Zilizotaka Kumponza Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Huyo wa nyuma hajaitika, ana mhogo mdomoni. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kale kweli, wanyama walikuwa na simu. Msiniulize walichaji wapi. Mimi darasa la tano nililikataa kwa kuwa yote nilishayajua, na nawaambieni walikuwa nazo. Tena walikuwa na kundi lao humo simuni, Kundi la Kisima.

Kisima kilikuwa kimoja. Mlinzi wake, na mwenyekiti wa kundi, Fisi. Walimchagua wenyewe, kwa ujumbe mtamu aliowatumia wakati wa kuomba kura. Akakaa. Akanenepa.

Siku moja ya kiangazi, ting! Simu zote zikalia. Ujumbe umeingia kundini. Mtumaji: Jicho la Kisimani. Hana picha, hana ukoo.

"Hamjambo nyote? Mlio na homa poleni. Watoto wameamkaje? Jana Fisi aliwaogesha mashemeji zake kisimani, chubwi chubwi, na watoto wetu wakaambiwa maji yamekwisha. Ahsanteni."

Weee! Fisi akaruka, akatua, akaruka tena.

"Nani huyu? Nikimpata, hagusi tone la maji haya mpaka masika! Naapa mbele yenu!"

Sasa sogeeni niwanong'oneze. Aliyeandika ni Bi Kanga, mjane wa madoadoa, mwenye vifaranga wasiohesabika. Na masika yalikuwa mbali. Akikatazwa maji, vifaranga hawafiki.

Fisi akamwita Nguchiro, fundi wa kufuata nyayo. Nguchiro akausoma ujumbe. Akaunusa, nyaf nyaf.

"Jina amelificha, mwenyekiti. Adabu zake hajazificha. Nani siku hizi anauliza homa na watoto kabla ya kusema shida yake? Hawa wengine wanaandika 'lete chumvi', basi. Nipe simu zao nisome. Mwenye salamu kama hizi ndiye."

"Asiyetoa simu hanywi!" akanguruma Fisi.

Wakaanza na Punda. Nguchiro akasoma kwa sauti: "Twiga wangu, shingo yako imeninyima usingizi..."

Kicheko! Twiga akaficha uso kwenye majani ya juu kabisa. Punda masikio yakalala, pwa.

"Hayo na kisima wapi na wapi?" akauliza.

"Nyamaza, tunachunguza!"

Jua likawa kali. Fisi akasema wataendelea jioni, akaenda kivulini, kroo, kroo, amelala.

Punda akamfuata Bi Kanga. "Shemeji, ni wewe."

"Nani kakwambia?"

"Nilipougua homa, nani mwingine aliniandikia pole? Kila asubuhi, pole Punda, pole Punda."

Bi Kanga akalia. "Jina nilibadili. Picha nikatoa. Salamu sikuweza, Punda wee! Nitamsemaje mtu kabla ya kumjulia hali?"

"Futa machozi. Halafu futa na ujumbe wako wa zamani. Mengine tuachie."

Ting! Ting! Ting! Mchana kutwa, ting!

Jioni Nguchiro akashika simu ya Chura, akasoma: "Hamjambo nyote? Mlio na homa poleni. Watoto wameamkaje? Nirudishieni sufuria yangu."

Akashika ya Twiga: "Hamjambo nyote? Mlio na homa poleni. Watoto wameamkaje? Punda, nimekubali."

"Hii-haa! Hii-haa!" Hamkumbuki alikuwa nani? Punda huyo!

Ya Bi Kanga, hivyo hivyo. Ya Kobe, hivyo hivyo.

"Soma za zamani!" Fisi akafoka.

"Wamefuta, mwenyekiti. Wote. Imebaki simu moja haijasomwa. Yako."

"Soma! Mimi nina nini cha kuficha?"

Nguchiro akasoma, sauti ikipungua. "Ya siku za kura hii. 'Hamjambo nyote? Mlio na homa poleni. Watoto wameamkaje? Nichagueni mimi Fisi.'"



"Lahaula!" Chura akapasuka. "Kumbe ni yeye! Kajisema mwenyewe!"

"Si mimi! Nilinakili kwa... kwa..." Hakukumbuka kwa nani.

"Uliapa, mwenyekiti," akasema Punda, kwa upole kabisa.

Kesho yake Fisi alikaa mbali na kisima, ulimi nje. Hakuna aliyemsogelea. Akaja Bi Kanga peke yake, tuk tuk tuk, na kata ya maji.

"Hujambo mzee? Pole na kiu. Watoto wameamkaje?"

Fisi akainua kichwa. Akamtazama. Akamtazama tena. Sasa alijua. Akafungua mdomo apige kelele, akaona ile kata, akaufunga. Akapokea, akanywa, glu glu glu.

"Hawajambo," akasema taratibu. "Na wako?"

"Wana kiu."

"Waambie waje."

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: ukificha jina, mwandiko wa moyo wako bado unakutaja, kwa hiyo jihadhari. Na wewe mwenye nguvu, ukisemwa, tengeneza kisima, usipekue simu za watu. Ya Punda na Twiga hayakukuhusu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye ile kata. Mwenye kiu naye akanywe, na asisahau kusalimia.