Kwa Nini Chamkole Hawapigi Hodi Wakati wa Kula

Zamani watu wa Chamkole walikuwa kama watu wengine wote. Mtu akifika mlangoni alipiga hodi, wa ndani wakaitika karibu, na kama chakula kilikuwepo, kikaliwa pamoja. Kisha ukaja mwaka wa jua. Mvua za vuli hazikunyesha, za masika zikapita juu kwa juu zikaenda kuwanyeshea wengine, na mihogo ikakauka ardhini ikawa kuni. Ndipo watu wakaanza kufunga milango.

Msiwalaumu upesi, wanangu. Ukiwa na kibaba cha unga na watoto wanaokutazama mkono, mlango hujifunga wenyewe. Wanawake walijifunza kupika bila kutoa harufu, na mtoto aliyekula alifutwa mdomo kwa kanga kabla ya kuachiwa kwenda kucheza. Hodi ikipigwa, nyumba nzima ilinyamaza, mikono imeganda ndani ya sahani, mpaka nyayo za mpiga hodi zilipokwenda zake.

Mvua zilirudi. Maghala yakajaa mtama na kunde, mbuzi wakanenepa, lakini makomeo yalibaki pale pale. Kila mtu alikumbuka mlango uliomnyamazia, na kila mtu alimkumbuka yule ambaye yeye mwenyewe alimnyamazia. Utamkaribishaje wali leo mtu uliyemnyima pumba jana? Utamtazama kwa jicho gani? Wakaona nafuu kila mmoja ale kwake, kimya kimya, kama mwizi wa chakula chake mwenyewe.

Katika hao wote, aliyeteseka zaidi ni Bi Saumu, mke wa Mzee Mbaruku. Nyumba yake ilitazamana na ya Chausiku, mdogo wake wa tumbo moja, na kati yao palikuwa na kichochoro ambacho kuku alikivuka bila haraka. Mwaka ule wa jua, alasiri moja, Chausiku alikuja akapiga hodi. Ndani, Bi Saumu na mumewe walikuwa wanakula ugali wa pumba. Sauti aliijua, na ataachaje kuijua, naye ndiye aliyembeba mgongoni mwenye sauti hiyo walipokuwa watoto. Hakuitika. Chausiku akapiga hodi ya pili, akapiga ya tatu, akarudi kwake. Tangu hapo ndugu wale hawakusemezana. Kisimani mmoja alisubiri mwenzake aondoke, na msibani kila mmoja alitafuta mkeka wake. Bi Saumu aliona haya, na haya zile zilimkaa kooni kila alipotia tonge mdomoni.

Basi ukaingia Mfungo Tatu, mwezi wa Iddi Kubwa, na Maalim Shekue akawa anatoa darsa msikitini baada ya alasiri. Siku hiyo alizungumzia majina ya heshima ya Manabii, akasema kila jina lina maana yake. Nabii Musa huitwa Kalimullahi, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alisema naye. Nabii Ibrahimu huitwa Khalilullahi. Akaongeza kwamba inasimuliwa kuwa Nabii Ibrahimu hakupenda kula peke yake. Chakula kikiwa tayari, alitoka njiani kumtafuta mgeni wa kula naye.

Sasa wajueni watu wa Chamkole. Koo zao hazina kha. Kheri kwao ni heri, khabari ni habari, na hata mtu akiitamka kha vizuri mbele yao, masikio yao huisikia ha tu. Maalim Shekue alikuwa mtu wa kuja, na kha yake ilitoka mbali ndani ya koo, lakini ilipofika nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, ilikuwa imekwisha kuwa ha. Isitoshe, kando ya Bi Saumu palikuwa na mtoto mchanga anayelilia titi. Maana ya jina ilimpita. Alilolipata ni hili: Nabii Ibrahimu, hali lillahi.

Hali, yaani hatii kitu mdomoni. Lillahi, kwa ajili ya Mungu. Na kile kisa cha mgeni kilipofuata, Bi Saumu aliona jina limejieleza lenyewe. Kumbe ndiyo heshima aliyopewa Nabii: yeye ni yule asiyekula, kwa ajili ya Mungu, mpaka apatikane wa kula naye. Alirudi nyumbani akitembea upesi.

Jioni ile alipika wali na mchuzi wa kunde, akakaanga vitunguu mpaka kichochoro kizima kikajua. Akaondoa komeo, akaweka sinia kizingitini, akalifunika kawa, akakaa. Mzee Mbaruku akauliza wanangoja nini. Mkewe akamjibu kwamba Nabii Ibrahimu hali lillahi, na yeye pia hatakula. Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba Nabii anamheshimu sana, ila tumbo hili ni la Mbaruku. Akapakua fungu lake, akaenda kulila nyuma ya jiko pamoja na mbuzi.

Watu walipita, wakaona mlango wazi, wakakaza mwendo. Kila mmoja alijua kwamba atakayekaa kwenye sinia lile leo, kesho itambidi afungue mlango wake. Wali ukapoa, wakapewa kuku. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Bi Saumu alikunywa uji alfajiri, akisema uji si chakula, basi. Kanga ikaanza kumlegea kiunoni. Watani wakasema jina lake limempanda kichwani, Saumu amekuwa saumu kweli. Chausiku yeye alichungulia kwenye ufa wa mlango wake kila jioni, na alikuwa ameona kwamba dada yake hakukaa kuitazama njia kuu wanakopita wageni.

Ikafika jioni ambayo Bi Saumu alijaribu kuinuka akateke maji, magoti yakakataa. Mzee Mbaruku, ambaye mzaha ulikuwa umemwisha, akamkimbilia Maalim. Maalim akaja, na nyuma yake nusu ya kijiji, wakisimama kando kama watu wenye safari zao nyingine. Akavuta kigoda, akamwuliza kwa upole ni nani aliyemwamuru ajiue kwa njaa.

"Ni wewe, Maalim," akasema Bi Saumu. "Ulisema Nabii Ibrahimu hali lillahi."

Maalim akashika ndevu zake, akainama. Kisha akamweleza polepole, kama anavyomweleza mtoto wa juzuu ya kwanza. Si hali, ni Khalili. Khalili ni rafiki wa ndani kabisa, ambaye mapenzi yake yameingia moyoni yakaenea. Khalilullahi ni rafiki wa Mwenyezi Mungu. Katika jina hilo hamna neno la kutokula. Kwa hiyo ale, ale sasa hivi, na kama ni mgeni anayetakiwa, basi yeye mwenyewe ni mgeni, aletewe maji anawe.

Bi Saumu alihisi uso unamwaka. Siku zote zile amekaa na njaa kwa neno alilolisikia vibaya, na sasa kijiji kizima kimejua. Hata hivyo aliweka mkono juu ya kawa, akauacha hapo.

"Jina nimekosea, Maalim, uniwie radhi," akasema. "Lakini si wewe ninayekungoja."

Maneno yale yalivuka kichochoro. Ng'ambo likasikika komeo likitolewa, na Chausiku akatoka. Akaja mpaka kizingitini, akasimama. Watu wote walingoja hodi, maana hapakuwa na mtu wa Chamkole aliyeingia nyumba ya mwenzake bila hodi.

"Hodi nilishapiga," Chausiku akasema. "Mwaka ule. Sipigi tena."

"Usipige, mdogo wangu," akasema Bi Saumu. "Nilikusikia. Nilikuwa nakula, nikakusikia, nikanyamaza."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitamka jambo lile Chamkole, na waliosimama kichochoroni wakatazama chini, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na maneno hayo hayo kifuani. Chausiku akalia, na dada yake akalia. Kisha Chausiku akavuta bakuli la maji, akanawa, akafunua kawa mwenyewe. Akasema wali umepoa. Bi Saumu akasema anajua. Wakala. Maalim akasogezewa nafasi, na Mzee Mbaruku akazunguka kutoka nyuma ya jiko, akaapa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kabla jua halijazama, makomeo yalikuwa yanasikika yakitolewa nyumba moja baada ya nyingine.

Na tangu siku hiyo, Chamkole hapapigwi hodi wakati wa kula. Mwenye nyumba ndiye anayetoka mlangoni kabla ya tonge la kwanza, akaita, "Hali lillahi," na aliye karibu huingia bila kuuliza, hata kama jana waligombana. Nao waliogombana ndio huitwa kwa sauti kubwa zaidi. Chuoni, Maalim Shekue aliwafundisha watoto kulitamka Khalilullahi ipasavyo, na mtoto yeyote wa kule atakwambia kwamba maana yake ni rafiki wa Mungu. Milangoni hakumsahihisha mtu, na wanasema hata yeye, mpaka anafariki, jioni alitoka nje akaita vile vile kama wenzake.

Nanyi mkipita kule, mkamsikia mama mlangoni akisema hali lillahi, msimsahihishe. Naweni mikono.