Wimbo Waliotupiana Dada Wawili

Wewe unayejiita shabiki damu damu, soma hii kisha umtumie mwenzako. Najua huwa humalizi kusoma, leo jikaze.

Tanga walikuwapo dada wawili wa tumbo moja, Chausiku mkubwa na Mwanakheri mdogo. Walinuniana kwa ajili ya sare. Chausiku alimwoza binti yake, sare za harusi zikagawiwa mtaa mzima, Mwanakheri akakosa. Tangu hapo hakuna salamu. Hata mama yao, aliyekuwa kitandani hajiwezi, mmoja alikwenda kumhudumia asubuhi, mwingine jioni, ili wasikutane.

Wote wawili walikuwa mashabiki wa Nargisi, malkia wa taarabu. Wimbo wake uliotikisa mji ulisema:

Mlango umeshafungwa, ufunguo kisimani,
Bisha mpaka uchoke, hakuna mtu nyumbani.

"Huu kaimbiwa dada mzima mzima," Mwanakheri alisema, akawa anaufungulia redio kila Chausiku akipita. Chausiku naye akaufanya mlio wa simu. Ngoma droo.

Nargisi akaja kutumbuiza. Wimbo ulipoanza, Mwanakheri aliinuka, noti juu, akakata mauno hadi jukwaani kumtunza. Kufika, Chausiku naye huyo, noti juu. Ukumbi ukalipuka: "Mpe! Mpe zake!"

Nargisi akainua mkono. Bendi ikanyamaza.

"Shoga, wimbo huu unamtunzia nani?"

"Yupo, mwenyewe anajijua," Mwanakheri akajibu, kidole kikimwelekea dada yake.

"Na wewe, bibie?"

"Huyo huyo mwenye kidole," akasema Chausiku.

Watu wakaangua kicheko. Nargisi hakucheka.

"Anayebisha huo mlango ni mimi," alisema. "Niligombana na dada yangu. Nikaenda zangu safari za shoo, nikisema nitamwomba radhi nikirudi. Kurudi, nyumba imefungwa, dada keshazikwa. Nikalia pale mlangoni, kilio kikatoka wimbo. Ninyi mmekifanya fimbo. Kila mkinishangilia, mimi bado nabisha."

Waliokuwa wakirekodi wakashusha simu.

Mkono wa Mwanakheri ulikuwa bado hewani na noti yake. Akaushusha mkono polepole.

"Dada."

"Nakusikia."

"Kesho unakwenda kwa mama saa ngapi?"

Chausiku akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Saa utakayokwenda wewe."

Funzo: Staa unayemshangilia hakujui, nduguyo anakujua. Usikichukue kilio cha mtu ukamchapia nduguyo. Nenda kampigie hodi angali ndani.